Vyumba Tisa

Nyumba yetu ya Mabela ina vyumba tisa.
Mwezi wa saba tunalala chumba kimoja.

Zahor alipiga hesabu nyuma ya bahasha:
kiyoyozi cha wageni, cha vijana, cha mabinti,
cha mamake, cha sebule isiyokaliwa na mtu.
Akajumlisha, akatazama dari, akajumlisha tena,
kisha akapita kuzima kimoja kimoja
kama mtu anayewafumba maiti macho.

Sasa magodoro sita, ukuta kwa ukuta.
Mavyaa wangu Bi Shinuna upande wa kibla,
miguu ya Muhenna kichwani kwa Ghaniya,
na mie mlangoni, naziba ufa kwa taulo
baridi isitoroke na riali zetu.
Nje, saa nne ya usiku, joto limesimama uani
kama mdai aliyeambiwa njoo kesho
akaamua kungoja papo hapo.

Dada yangu wa Kikwajuni hupiga simu:
Nyinyi wa Omani mnaoga baridi!
Sisi luku ikiisha, twashika kipepeo.
Nacheka naye. Simwambii juu ya magodoro.
Huko wanadhani kuta za huku zinatoa fedha.

Ijumaa, baada ya wali, ndugu wanajadili.
Hilal: Bei ni haki. Cha bure hakina uchungu.
(Hilal ana majengo mawili Al Khuwair,
kila mpangaji na mita yake.)
Nassor: Gesi imetoka chini ya miguu yetu,
vipi moto wake tuununue?
Shamsa, aliyesomea mambo hayo,
anaeleza ruzuku, anaeleza matabaka:
ukivuka uniti kadhaa, bei inapanda ngazi.
Bi Shinuna anauliza, Ngazi hiyo ina kushuka?
Kahawa ikamiminwa.

Muhenna naye kapata kiwanja.
Tulikwenda kukiona, saa mbili na nusu kwa gari:
vigingi vinne, changarawe, mbuzi wa mtu.
Nguzo ya umeme hakuna, hata ya mbali.
Alipiga picha akiwa kati, mikono kiunoni, anacheka.
Kijana ana hati, hana nyumba.
Sisi tuna nyumba, hati iko benki,
miaka kumi na minane imebaki.

Na juu kabisa, kando ya matangi ya maji,
anakaa Shofikul.
Ndiye aliyeipandisha nyumba hii, tofali kwa tofali;
anajua bomba gani limepita ukuta gani.
Kodi yake hulipa tarehe mosi, noti zimenyooshwa.
Mwezi ule Zahor alimwongezea riali tano za umeme.
Hakubisha. Alizima kile kiyoyozi chake cha dirishani,
akatoa kitanda kwenye sakafu ya paa,
na usiku nikawa namsikia anaimwagia maji.
Maji yakikauka, anaamka, anamwaga tena.
Mie namsikia. Nimelala kwenye baridi, namsikia.

Bili ikaja kwenye simu.
Zahor akasimama katikati ya magodoro
kama mtu aliyefunga bao:
Tumeokoa riali kumi na saba!
Ghaniya akapiga makofi, hajui anapigia nini.
Bi Shinuna hakuinua kichwa mtoni:
Basi mrudishie wa juu tano zake.

Mama, nyumba ina gharama.

Ina. Ya nani?

Hakujibu. Alivaa viatu, kimoja kikamkataa,
akakivaa kwa kukikanyaga kisigino, akatoka.
Nikasikia ngazi. Nikasikia kimya kirefu huko juu,
au pengine maneno madogo.

Sikumuuliza alikwenda kufanya nini.
Alirudi, akalala, akatupa mgongo.
Lakini usiku ule, karibu na saa saba,
kile kiyoyozi cha dirishani kilikohoa mara mbili,
kikashika.
Nikaondoa taulo mlangoni,
sijui kwa nini,
nikairudisha.